Kelele Kazini na Usikivu wa Mfanyakazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale yanayorudiwa na waendeshaji wa mashine za kusaga nafaka, maseremala, mafundi wa vyuma, wachimbaji wadogo wa madini na waajiri wao. Sheria zinazotajwa ni za Kenya na Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za usalama kazini na fidia. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali imetajwa ili msomaji alifuate huko.

## Mambo ya msingi

1. Kelele huharibuje usikivu?

Nyuma ya kiwambo cha sikio, ndani kabisa ya mfupa wa kichwa, kuna mrija mdogo uliojaa majimaji na kujikunja kama kombe la konokono. Humo mmepangwa seli zipatazo 15,000 katika kila sikio, na kila seli ina vinyweleo ambavyo hupinda sauti inapoyatikisa majimaji hayo. Kupinda huko ndiko kunakotuma habari kwenye mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Kelele kubwa huzichosha seli hizi. Zikipata mapumziko ya kutosha hujirudi, lakini zikichoshwa siku baada ya siku hufa. Kuku akipoteza seli za namna hii huotesha nyingine. Binadamu haoteshi.

Uharibifu hauanzi popote tu. Seli zinazopokea sauti nyembamba, hasa zile za mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde, ndizo hutangulia kufa. Kwa sababu hiyo mtu aliyeathirika huendelea kusikia mngurumo wa lori au sauti nzito ya mwanamume, huku zikimponyoka konsonanti kama s, sh, f, th na ch. Akiambiwa «shika» husikia «fika», akalalamika kwamba watu wa siku hizi hawatamki vizuri.

2. Desibeli ni nini, na kelele ya kiwango gani ni hatari?

Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na hesabu yake haiendi kwa kujumlisha kwa kawaida. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa imekuwa maradufu. Mashine mbili zinazofanana, kila moja ikitoa desibeli 90, zikiwashwa pamoja hutoa desibeli 93. Ongezeko hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini sikioni ni mzigo mara mbili.

Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asikabiliwe na zaidi ya desibeli 85 kwa wastani wa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda ukatwe nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, desibeli 97 ni dakika 30, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Grenda inayokata chuma huweza kufikia desibeli 100 bila shida, na msumeno wa mnyororo hupita hapo. Fundi anayekata mageti kwa grenda nusu saa asubuhi anaweza kuwa amemaliza posho yake ya kelele ya siku nzima, mara mbili, kabla ya chai ya saa nne.

Viwango hivi hupimwa kwa kipimo A, ambacho hurekebisha usomaji ufanane na jinsi sikio la binadamu linavyopokea sauti. Desibeli zote zinazotajwa humu ni za kipimo hicho.

3. Sina kipima sauti. Nitajuaje kwamba kelele imezidi?

Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako na uzungumze naye kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupaza sauti ili akuelewe, chukulia kwamba kelele imefika au imepita desibeli 85. Ukilazimika kupiga kelele sikioni mwake, mmeshapita mbali.

Programu za simu husaidia, ila si zote zinaaminika. NIOSH ilitoa programu yake ya bure kwa simu za iPhone mwaka 2017, na ilipojaribiwa maabara usomaji wake haukupishana na vipimo halisi kwa zaidi ya desibeli 2. Simu za Android hutofautiana mno kwa maikrofoni, hivyo usomaji wake uchukuliwe kama dokezo la kuita mpimaji. Haufai kuwa hoja ya kumaliza ubishi na mwajiri.

4. Nimefanya kazi hii miaka mingi na masikio yangu yameshazoea. Kuna haja gani ya kujikinga?

Sikio halizoei kelele. Mtu anayesema kwamba mashine iliyomsumbua mwaka wa kwanza haimsumbui tena, mara nyingi anaeleza kwamba hazisikii tena zile sauti kali zilizokuwa zikimsumbua. Hilo ndilo linaloufanya ugonjwa huu kuwa mgumu kuukamata: hauumi, hautoi damu, na mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kuutambua, baada ya mke au mume, watoto na wafanyakazi wenzake.

Bado kuna haja ya kujikinga. Seli zilizobaki ndizo zinazokuwezesha kufuata mazungumzo leo, nazo bado zinaweza kulindwa.

5. Dalili za mwanzo ni zipi?

Masikio kuziba au kusikia kama kupitia ukuta baada ya kazi, mlio au mvumo masikioni hasa usiku kukiwa kimya, kuongeza sauti ya redio kupita wanavyotaka wengine, na kushindwa kufuata maongezi penye watu wengi, mathalani msibani au sokoni, ilhali mazungumzo ya watu wawili huyafuata vizuri. Dalili hii ya mwisho ndiyo yenye maana zaidi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

6. Usikivu uliopotea unaweza kurudi?

Ule uchovu wa masikio wa baada ya zamu hupungua kwa saa kadhaa za utulivu, kwa kawaida kufikia kesho yake. Ukiona siku ya pili masikio bado yameziba, usirudi kwenye kelele ile kabla ya kuonana na daktari. Uharibifu wa kudumu hauna dawa, iwe ya hospitali au ya mitishamba, na matone yanayouzwa kwa ahadi ya kurudisha usikivu hayafiki hata karibu na seli zilizokufa. Vifaa vya kusaidia kusikia humsaidia mtu kuwasiliana, ingawa hukuza sauti bila kurudisha ule uwazi wa zamani.

Lipo pia la kutia moyo: madhara ya kelele husimama pale kelele inapokoma. Umri utaongeza yake, lakini kelele ya zamani haiendelei kula sikio.

## Kupunguza kelele yenyewe

7. Kwa nini wataalamu husisitiza mashine kwanza, wakati vizibo vya masikio ni vya bei nafuu?

Kwa sababu mashine ikirekebishwa mara moja humkinga kila aliye karibu nayo, akiwamo mteja anayesubiri unga wake na mtoto aliyetumwa kumletea baba chakula. Kizibo humkinga aliyekivaa pekee, kwa kadiri alivyokivaa vizuri na kwa muda aliokivaa. Utaratibu unaokubalika ni huu: kuondoa chanzo cha kelele au kununua mashine yenye kelele ndogo, kisha kukizuia au kukitenga chanzo, kisha kupunguza muda wa mfanyakazi karibu nacho, na mwisho kumvalisha kinga. Mwajiri anayeanza na kuishia kwenye boksi la vizibo amefanya hatua ya nne na kuziruka tatu, na mkaguzi makini atamuuliza habari za hizo tatu.

8. Mashine ya kusaga nafaka inaweza kweli kupunguziwa kelele?

Inaweza, na mara nyingi kwa fedha kidogo kuliko wamiliki wanavyodhani. Kelele ya mashine hizi hutoka sehemu kadhaa: nyundo zinazopiga mahindi ndani ya bomba, hewa inayosukuma unga, injini au mota, na mtetemo unaosafiri kupitia sakafu hadi kwenye mabati. Kila sehemu ina tiba yake.

Anza na matengenezo. Nyundo zilizolika upande mmoja huifanya mashine kuyumba. Zibadilishwe kwa seti ili uzito ubaki sawa. Beringi zisizo na grisi hupiga mluzi, mkanda uliolegea hupiga makofi, na bolti zilizolegea hufanya kila kitu kilie. Fundi aliyesikiliza mashine yake ikiwa mpya hutambua sauti hizi mara moja.

Pili, itenge na sakafu kwa kuiweka juu ya raba nzito, na usiifunge kwenye nguzo inayoshika paa. Mabati ni spika kubwa: yakipokea mtetemo, nyumba nzima hulia.

Tatu, kama injini ni ya dizeli, itoe nje na uijengee kibanda chake chenye njia ya hewa, na hakikisha salansa yake haijatoboka. Injini ya dizeli haifai kufanya kazi ndani ya chumba chenye watu hata kwa sababu ya moshi pekee (tazama pia swali la 23).

Nne, msogeze mtu. Meza, mizani na benchi la wateja havina sababu ya kuwa hatua mbili kutoka kwenye mashine. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa maradufu kelele hupungua kwa takriban desibeli 6. Ndani ya chumba cha tofali na mabati faida hiyo hupungua sana kwa kuwa sauti huruka ukutani na kurudi, hivyo ukuta mzima kati ya mashine na wateja hufaa kuliko umbali peke yake.

9. Na karakana ya vyuma au ya mbao?

Kwa vyuma, sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye bati au bomba linalolia baada ya kupigwa. Ukililaza juu ya raba, mbao nene au mfuko wa mchanga, au ukilibana vizuri kwa klempu karibu na unapokata, mlio hupungua papo hapo. Pale mafundi wanapopanga meza bega kwa bega, kama Kamukunji jijini Nairobi ambako masanduku na karai hufuliwa kwa nyundo kutwa, kelele ya jirani ni kelele yako pia. Tatizo hilo ni la kale: daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwaeleza wafua shaba wa Venice waliokuwa wakiziwika kwa kazi yao mwanzoni mwa karne ya 18. Makubaliano ya kikundi, kwa mfano kuzitenga kazi za grenda upande mmoja au kwa saa maalumu, husaidia kuliko juhudi za mtu mmoja.

Kwa mbao, noa. Msumeno butu au kisu cha randa kilicholika hulazimisha mashine kupiga kelele zaidi kwa kazi ileile. Na mashine isiyokata kitu izimwe. Randa inayozunguka bure huku fundi akipima ubao inakula posho ya masikio bila kuingiza senti.

10. Trei za mayai ukutani huzuia kelele?

Hazizuii. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, lakini hazizuii kelele kupita, tena hushika moto upesi, jambo baya sana penye cheche za kuchomelea. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa: ukuta wa tofali, mlango mzito, na kutokuacha pengo. Kibanda kizuri chenye tundu kubwa lisilozibwa hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

## Vizibo na vifunika masikio

11. Kipi bora, kizibo kinachoingia sikioni au kifunika sikio cha nje?

Kilicho bora ni kile mfanyakazi atakachokivaa vizuri zamu nzima. Vifunika vya nje ni rahisi kuvaa na kuvua, na msimamizi huviona kwa mbali, hivyo vinafaa kwa kazi za vipindi vifupi kama grenda. Katika joto la pwani huleta jasho na watu huvisukuma juu ya kichwa. Vizibo vya sponji ni vyepesi na vya bei ndogo, vinafaa kwa zamu ndefu, ila vinahitaji mikono safi na mafunzo. Mwenye usaha au maumivu ya sikio asitumie vizibo mpaka atibiwe.

Kelele ikizidi desibeli 100 kwa wastani wa zamu, kama ilivyo kwa uchorongaji wa miamba ndani ya duara la mgodi, vivaliwe vyote viwili pamoja. Usijumlishe namba zao: kinga ya pili huongeza takriban desibeli 5 tu juu ya ile iliyo kubwa, kwa kuwa sauti nyingine hupitia kwenye mfupa wa kichwa.

12. Kizibo cha sponji kinavaliwaje?

Nawa mikono kwanza. Kisokote kwa vidole kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili njia ya sikio inyooke, kisha ingiza kizibo na ukishikilie kwa kidole kwa sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Kikikaa vizuri, mtu aliye mbele yako hakioni kikichomoza, na sauti yako mwenyewe husikika nzito kichwani. Kikichomoza nusu, ni pambo.

13. Boksi limeandikwa 30. Je, kelele itapungua kwa desibeli 30?

La. Namba hiyo hupatikana maabara kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Kazini kinga huwa ndogo zaidi. NIOSH hushauri namba ya Marekani ipunguzwe kwa asilimia 25 kwa vifunika vya nje, asilimia 50 kwa vizibo vya sponji na asilimia 70 kwa vizibo vya aina nyingine. Kizibo cha sponji chenye 30, kwa hesabu hiyo, kipewe 15. Bidhaa za Ulaya hutumia namba ya mfumo tofauti, hivyo usilinganishe maboksi mawili kabla ya kuangalia yametumia mfumo upi.

Wala si vyema kutafuta namba kubwa kuliko zote. Kinga inayofikisha kelele ya sikioni chini ya desibeli 70 humfanya mfanyakazi ajione ametengwa, naye huivua.

14. Nikivua dakika chache tu ili kuzungumza, kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na kama kuna jibu moja katika ukurasa huu linalostahili kubandikwa ukutani ni hili. Chukua kinga inayopunguza desibeli 30 kamili. Ikivaliwa saa 8 zote hutoa 30. Ikivuliwa kwa dakika 30 tu katika zamu hiyo, faida yote ya siku hushuka hadi takriban desibeli 12. Ikivaliwa nusu ya zamu, hubaki 3. Zile dakika za wazi huingiza nguvu ya sauti nyingi kuliko saa zote zilizofunikwa.

Ukitaka kuzungumza, ondoka kwenye kelele kwanza, kisha vua.

15. Pamba, kitambaa au vipokea sauti vya muziki vinaweza kutumika?

Pamba na kitambaa hupunguza desibeli chache tu, tena mabaki yake huweza kubaki ndani ya sikio. Vipokea sauti vya muziki ni vibaya zaidi, maana mtu huongeza muziki ushinde mashine na hivyo hujibebesha mizigo miwili.

16. Nifanyeje kama navaa hijabu, miwani, kofia ngumu au nywele nene za kusuka?

Kifunika cha nje hufanya kazi kwa kubana ngozi pande zote. Kitambaa, mkono wa miwani au msuko ukipita chini yake huacha upenyo. Kwa mvaa hijabu na mwenye misuko minene, vizibo vya ndani chini ya mtandio ndivyo vinavyofaa. Kwa mvaa miwani ya usalama, chagua yenye mikono myembamba. Kwa kofia ngumu vipo vifunika vinavyopachikwa kwenye kofia yenyewe.

17. Nikivaa kinga sitasikia gari linalorudi nyuma au mtu anayeniita.

Hofu hii ni ya haki na isibezwe. Mara nyingi kinga yenye kiasi kinachofaa humsaidia mtu mwenye usikivu mzuri kusikia king'ora katikati ya kelele, kwa kuwa hupunguza vyote kwa pamoja na sikio halielemewi. Kwa ambaye tayari amepoteza usikivu mambo ni tofauti, naye apewe ishara za kuonekana: taa zinazowaka, bendera, njia za magari zilizotengwa, mwenzake wa kumgusa bega. Hilo ni jukumu la mwajiri kulipanga. Mfanyakazi asiachiwe achague kati ya masikio yake na uhai wake.

## Vipimo, sheria na fidia

18. Usikivu unapimwa lini na wapi?

Kipimo cha kwanza kifanyike mtu anapoajiriwa, kabla hajaingia kwenye kelele, na baada ya hapo kila mwaka, na tena anapoacha kazi. Bila kile cha kwanza ni vigumu baadaye kuthibitisha kwamba uziwi umetokana na kazi hii na si ile ya awali. Kabla ya kipimo cha kwanza mfanyakazi akae mbali na kelele kwa saa 14, ama sivyo uchovu wa jana utaandikwa kama uziwi.

Kipimo hakiumi: mtu hukaa katika chumba kisicho na sauti, akavaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila asikiapo mlio. Hufanyika katika kliniki za masikio, pua na koo, kama zile za Muhimbili, KCMC na Bugando kwa Tanzania, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa Kenya. Omba nakala ya matokeo na uitunze pamoja na vyeti vyako.

19. Sheria inasemaje?

Kenya ina kanuni mahususi za kuzuia na kudhibiti kelele katika maeneo ya kazi, zilizotolewa mwaka 2005. Kikomo chake ni desibeli 90 kwa saa 8 ndani ya saa 24, na mpigo wa ghafla usizidi desibeli 140 wakati wowote. Kelele ikizidi desibeli 85, mwajiri anapaswa kuwa na mpango wa kudhibiti kelele na kulinda usikivu. Msomaji ataona kwamba kikomo cha 90 ni kilegevu kuliko pendekezo la swali la 2. Kampuni inayotimiza sheria kwa desibeli 90 kwa hiyo haijamlinda kila mfanyakazi wake, na ingefaa kujipima kwa 85. Usimamizi uko chini ya idara ya serikali ya usalama na afya kazini, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA. Wakala huo husajili maeneo ya kazi, huyakagua, na husimamia uchunguzi wa afya za wafanyakazi.

20. Nani hulipia vizibo na vipimo?

Mwajiri. Kinga ya kazini si zawadi wala mkopo, na mfanyakazi hatakiwi kukatwa mshahara kwa ajili yake. Wajibu wa mfanyakazi ni kuivaa na kutoa taarifa ikiharibika.

21. Nimethibitika kupoteza usikivu kwa sababu ya kazi. Je, kuna fidia?

Uziwi unaotokana na kelele ya kazi unaweza kudaiwa kama ugonjwa wa kazi. Tanzania Bara dai hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao michango yake hulipwa na mwajiri peke yake. Kenya dai huendeshwa chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007 inayojulikana kwa kifupi kama WIBA. Kwa nchi zote mbili mpe mwajiri taarifa kwa maandishi mara tu daktari anapothibitisha, maana madai yana muda wake wa kisheria. Kinachobeba dai ni karatasi: kipimo cha kwanza na cha sasa (swali la 18), historia ya kazi zako zote, na vipimo vya kelele ya mahali pale kama vipo.

22. Nimejiajiri, sina bosi. Haya yananihusu?

Sikio ni lilelile, fidia ndiyo haipo. Kwa hiyo majibu ya 8 hadi 14 ndiyo bima yako. Ukiwa na kijana mmoja unayemlipa au unayemfundisha kazi, kwake wewe ni mwajiri.

## Mazingira ya pekee

23. Kuna kitu kingine kinachoongeza madhara ya kelele?

Vipo. Viyeyusho vilivyomo kwenye tina, rangi na gundi, hasa toluini na stairini, huweza kudhuru sikio, na vikikutana na kelele madhara huwa makubwa zaidi. Madini ya risasi na hewa ya moshi wa injini ni vivyo hivyo. Mpaka rangi wa magari anayefanya kazi kando ya kompresa yuko katika kundi hili.

Baadhi ya dawa nazo hudhuru sikio, zikiwamo sindano za streptomaisini, jentamaisini na amikasini, na sisplatini inayotumika kutibu saratani. Mchimbaji anayetibiwa kifua kikuu kwa sindano za aina hiyo amweleze daktari kwamba anafanya kazi kwenye kelele. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Mvumo unaoletwa na kwinini wakati wa kutibu malaria kwa kawaida huisha dawa inapokwisha.

24. Mjamzito anaweza kufanya kazi kwenye kelele?

Vizibo vya mama havimkingi mtoto aliye tumboni, na sauti nzito hupenya mwilini kirahisi kuliko nyembamba. NIOSH hushauri mjamzito asikae penye kelele inayozidi desibeli 115 hata akiwa amevaa kinga, na asiegemee wala kukalia mashine inayotetema. Busara ni kumhamishia kazi nyingine mapema kuliko kusubiri namba hiyo.

25. Zamu yetu ni ya saa 12. Kikomo kinabaki kilekile?

Kinashuka. Mzigo wa desibeli 85 kwa saa 8 ni sawa na takriban desibeli 83 kwa saa 12, na muda wa masikio kupumzika nao umepungua. Anayetoka zamu hiyo na kuingia kwenye basi lenye muziki mkubwa amejinyima hata hayo mapumziko.

26. Baruti imelipuka karibu na sikio la mwenzetu, na sasa hasikii. Tufanye nini?

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kiwambo kinaweza kuwa kimetoboka, na kupoteza usikivu ghafla ni jambo ambalo matibabu yake hufaa zaidi yakiwahi. Msimtie mafuta ya moto, maji, juisi ya majani wala matone yoyote, na sikio lisiingie maji. Akisikia kizunguzungu asishuke wala kupanda ngazi za mgodi peke yake.

27. Ma-DJ, makondakta wa matatu na mafundi mitambo wa ibada wanahesabiwa?

Wanahesabiwa. Sikio halibagui wimbo na grenda. Linahesabu desibeli na dakika. Kwa wanaohitaji kusikia muziki bila kupotoshwa vipo vizibo vinavyopunguza sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana. Na spika zikiinuliwa juu ya vichwa vya watu, zikaelekezwa kwa wasikilizaji walio mbali, fundi aliye karibu hupata nafuu.

28. Ninatumia kifaa cha kusaidia kusikia. Nikikizima kitakuwa kizibo?

Hapana. Kifaa kilichozimwa hakijatengenezwa kuzuia kelele, na kikiwashwa huikuza. Kivue, ukihifadhi mahali pakavu, uvae kifunika cha nje. Kama kazi inakulazimu kusikia maelekezo, mwombe mtaalamu wa usikivu akushauri pamoja na msimamizi wako, na mpangilio wa ishara uliotajwa katika swali la 17 uwekwe kabla hujarudi kwenye mashine.